Tusahihishe neno, tusimcheke mtu

Jamani vijana wenzetu, hili tuliseme bila kuzunguka. Kikundi chetu cha kompyuta hapa kambini tunatafsiri programu huria, zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzirekebisha. Wiki iliyopita dada mmoja, mgeni kati yetu, kwenye kitufe cha kuondoa faili aliandika "Tosha". Tukamcheka. "Kiswahili gani hicho?" Kumbe kwao Kivu kutosha ni kutoa! (Na nusu yetu tumetoka hukohuko, tunajifanya tumesahau.) Hajarudi tena.

Wengine wanasema fundi lazima awe mkali. Si kweli. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991, alizoea kuwashambulia wenzake kwa maneno makali kwenye barua pepe. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akakaa pembeni kwa muda, na mradi ukaweka kanuni mpya za kuheshimiana. Sisi ni nani tushindwe?

Kusahihisha lazima, la sivyo kazi itaharibika. Ila si tungesema tu, "Dada, wa Tanzania hawataelewa hapa, tuweke Ondoa?" Kesho sisi tuliocheka tunaenda nyumbani kwao kumwomba msamaha. Anayetaka kuja, tukutane bombani saa tisa.