Majira ya Kuyatazama Maporomoko ya Nyahururu

Mtu atakaye kuona maporomoko ya maji yenye nguvu, yampasa kwanza kujua majira, ndipo atafute nauli. Wako watu ambao hukusanya jamaa zao na kusafiri mwendo mrefu mpaka Nyahururu katika mwezi wa Februari, wasikute ila maji membamba yakiteremka juu ya jiwe. Hurudi kwao wakisema kwamba sifa za mahali pale ni za uongo. Kumbe sifa ni za kweli, lakini wakati ndio uliowapita.

Maporomoko hayo yaliitwa kwa jina la Joseph Thomson, msafiri wa Scotland, aliyefika huko mwaka 1883. Kimo chake ni futi 243 hivi, yaani mita 74. Maji ni ya mto Ewaso Narok, upatao maji yake pande za milima ya Nyandarua na ziwa Ol Bolossat. Basi mvua iyajazayo maporomoko si lazima iwe ile imloweshayo mtazamaji pale mjini. Aghalabu ni ile iliyokwisha kunyesha huko juu siku zilizotangulia.

Mvua ndefu huanza Machi au Aprili, lakini zile za kwanza hunywewa na ardhi yenye kiu, na mto hauongezeki sana. Ardhi ikishashiba, kila mvua mpya hutiririka mtoni. Kwa hiyo mwisho wa Aprili na mwezi wa Mei hufaa kuliko mwanzo wa Machi. Tena, nchi ile hupata mvua nyingine Julai na Agosti, jambo ambalo watu wa pande nyingine za Kenya hawalizoei. Na mvua fupi hufuata Oktoba na Novemba. Afanyaye vema ni yule anayeuliza habari kwa mkulima au mwenye duka aliye Nyandarua, akaenda baada ya mvua ya siku kadhaa mfululizo. Na afike asubuhi, maana mvua za nchi ya juu hupenda kunyesha alasiri.

Mto ukiwa mrefu, kuchelewa huko huzidi. Katika maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, mvua hunyesha tangu Novemba hata Machi, lakini mto Zambezi hufurika zaidi karibu na Aprili, kwa sababu maji yametoka mbali. Wakati huo umande wake huwa mwingi hata kuyaficha maporomoko yenyewe machoni pa watu. Ifikapo Oktoba, sehemu kubwa ya genge upande wa Zambia huwa kavu.

Mgeni wa Nyahururu akumbuke pia kwamba maji yanapokuwa mengi, njia iteremkayo bondeni huwa na utelezi. Watoto washikwe mikono, na mtu asisimame ukingoni juu ya mawe yenye maji.

Mkulima aangaliapo maporomoko hayo, na atazame rangi ya maji pamoja na wingi wake. Maji mekundu yenye kishindo huwapendeza wapiga picha, lakini wekundu ule ni udongo wa mashamba. Na mto unaofurika leo ukapungua kesho kutwa, waonyesha kwamba nchi ya juu haishiki maji. Msitu na kinamasi hupokea mvua kama sifongo, kisha huitoa kidogo kidogo. Msitu ukikatwa na kinamasi kikilimwa, maji yote hupita kwa mara moja, na kiangazi hubaki jiwe tupu.

Hasara hiyo haiwi ya watazamaji peke yao. Ewaso Narok huteremka Laikipia, ukaungana na Ewaso Ng'iro uelekeao nchi kavu za Samburu na Isiolo, ambako mifugo na watu hungojea maji yale yale. Kwa hiyo mwenye shamba mtelemkoni achimbe matuta, apande miti, wala asilime mpaka ukingo wa mto. Akifanya hivyo, udongo wake utabaki shambani, na walio chini watapata maji hata katika miezi ya jua.