Simba Arudi na Kiswahili Chake

Julai ya 2019 The Lion King ilirudi, ikiwa imetengenezwa upya. Sisi wa Vihingo tuliiona utotoni kwenye kibanda cha video, tukalia Mufasa alipokufa. Tuliingoja kwa hamu, lakini tuna neno. Simba, rafiki, pumbaa: yote maneno yetu. "Hakuna matata" nalo, Disney waliliandikisha Marekani mwaka 2003 kuwa alama yao ya biashara kwenye nguo! Sisi mafundi cherehani tunajua: kitambaa cha mteja hakigeuki chako kwa sababu umekishona wewe. Basi safari nyingine watuletee Simba anayesema Kiswahili fasaha, wanetu wacheke bila kutafsiriwa. Na neno letu waliachie. Cha mtu ni cha mtu.