Aliyeacha Pombe na Mwenziwe Nyumbani

Tarehe 1 Machi, 2017 Serikali ilipiga marufuku pombe kali ya viroba. Hatua ile ilikuwa ya haki. Lakini katika mikoa ya Iringa na Mbeya ulevi haukuanza na kiroba, wala haukuondoka nacho.

Huko mvua zikishika, machipukizi ya mianzi hukatwa ncha, na utomvu wake hukingwa asubuhi na jioni. Huo ndio ulanzi. Ukiwa mpya ni mtamu. Ukilala umekwisha kuwa pombe. Mbeya wana komoni na kimpumu, pombe za nafaka. Vinywaji hivi havikai kilabuni tu. Huwalipa wanaosaidia shambani, hupokea wageni wa harusi, na msibani pia vimo. Ndugu zetu wa Visiwani, ambako mnywaji hujificha, watatambua uzito wa jambo hili: huko Nyanda za Juu anayejificha ni yule aliyeacha, kwa kuwa kukataa kikombe ni kama kumkataa aliyekitoa.

Mzigo wa mtu huyo humwangukia mkewe. (Wapo na waume wanaouguza wake zao, ingawa aibu huwanyamazisha zaidi.) Na mara nyingi mke huyo ndiye mpika pombe. Sare za shule, madaftari na chumvi hutoka katika pipa lile lile. Tunapomwambia aiondoe pombe nyumbani ili mumewe apone, tunamwambia pia aondoe fedha pekee zinazopita mkononi mwake. Neno hili halisikiki katika mikutano ya hadhara.

Siku za mwanzo ndizo za hatari. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatisha ghafla, huweza kutetemeka na kutokwa jasho, na katika siku tatu nne za kwanza kupatwa na mishtuko kama ya kifafa au kuweweseka. Wengine hufa. Kwa hiyo mke anayemfungia mumewe chumbani kwa nia njema aweza kumpoteza. Mtu huyo apelekwe kwa mganga wa hospitali, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1. Baada ya hapo kazi ya mke ni ndefu, lakini si kuwa askari. Asilipe madeni ya kilabuni kwa siri, asimdanganyie mwajiri. Mume akirudia siku moja, asihesabu kwamba yote yamepotea. Wengi huanguka kabla ya kusimama. Wala asijione yeye ndiye chanzo. Huko Marekani jamaa za walevi walikwisha kuona haja ya kukaa pamoja wao wenyewe, wakaunda chama cha Al-Anon mwaka 1951. Na uvumilivu una mpaka: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, haimpi mwanandoa yeyote haki ya kumpiga mwenziwe, awe amelewa au anaugua.

Sasa tugeukie wenye madaraka. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ina kliniki ya methadoni kwa waathirika wa heroini tangu mwaka 2017. Visiwani zipo nyumba za kuwasaidia walioacha dawa za kulevya. Lakini mnywaji wa ulanzi kijijini akifika zahanati hutazamwa kama mkorofi, si mgonjwa. Waganga wakuu wa wilaya wanaweza kubadili hilo kwa maagizo na mafunzo machache. Saa za vilabu zimo katika sheria. Afisa mtendaji wa kata azisimamie, hata kama naye ni mteja.

Tena halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Vikundi vya wapika pombe wanaotaka kubadili biashara, hasa wenye mgonjwa nyumbani, viwekwe mbele. Fedha hizo zitoke kabla ya mvua, wakati mianzi haijaanza kukatwa.