Nguruwe pori wa kibanjani na raifo ya mbugani

Wadau, kijiweni hapa Hamugembe vijana wamekomaa eti nguruwe pori anayefukua mihogo apigwe kwa .30-06, mwingine anataka .375 kabisa! Napinga. Kibanja cha Kihaya nyumba imo ndani ya migomba, na mnyama huyu hutoka usiku. Risasi ya .30-06 ikimkosa inaweza kufika zaidi ya kilomita 3. .22 nayo itamjeruhi tu, na nguruwe aliyejeruhiwa ana meno, jamani. Gobore silizungumzii. Bora shotigani ya geji 12, marisawa makubwa, mita 30 zisizidi, tena mkiwa na leseni na kibali cha wanyamapori. Anayebisha aniambie kwanza jirani yake analala mita ngapi kutoka hapo.