Mwanamke Kileleni Hawabadilishi Polisi

Kila mwanamke anapokabidhiwa uongozi wa juu wa polisi, watu hushangilia kana kwamba kazi imekwisha: sasa jeshi litakuwa na utu, sasa wanawake watalala salama. Imani hiyo ni hatari, na London imelipa gharama yake.

Cressida Dick aliingia polisi mwaka 1983. Mwaka 2005 ndiye aliyeongoza operesheni ambamo Jean Charles de Menezes, fundi umeme Mbrazili asiye na kosa, alidhaniwa gaidi akauawa kwa risasi ndani ya treni kituoni Stockwell. Mwaka 2017 akawa kamishna wa jeshi la polisi la London, mwanamke wa kwanza tangu jeshi hilo lianzishwe mwaka 1829.

Machi 2021, askari wake Wayne Couzens alimsimamisha Sarah Everard barabarani, akamwonyesha kitambulisho cha kazi, akamfunga pingu kwa kisingizio cha masharti ya korona. Alimbaka, akamuua. Wanawake walipokusanyika Clapham Common kumwomboleza, baadhi yao waligandamizwa chini na kutiwa pingu na polisi walewale. Mwanamke kuwa kamishna kuliwasaidia nini usiku ule?

Hakukuwasaidia, kwa sababu usalama wao ulikuwa mikononi mwa watu wengine kabisa. Siku chache kabla ya mauaji, polisi walikuwa wamepokea lalamiko kwamba Couzens alijianika uchi mgahawani, hakukamatwa. David Carrick, wa kikosi hichohicho cha kulinda wabunge na mabalozi, alilalamikiwa mara kadhaa na bado akaachiwa silaha. Kufikia Januari 2023 alikuwa amekiri mahakamani kubaka wanawake kadhaa. Anayechunguza historia ya askari mpya, sajenti anayepokea lalamiko, jopo la nidhamu: hapo ndipo penye meno. Na tangu 2016 mashauri ya kawaida ya utovu mkubwa wa nidhamu yaliongozwa na mwanasheria wa nje, si kamishna. Ilibidi tungoje 2024 ndipo wakuu wa polisi warudishiwe usukani huo.

Simtetei Dick. Mwaka 2021 jopo huru lililochunguza mauaji ya mpelelezi wa kibinafsi Daniel Morgan lilimlaumu yeye binafsi kwa kuchelewesha upatikanaji wa taarifa. Meya wa London, Sadiq Khan, alipokosa imani naye, Dick alitangaza kujiuzulu, Februari 2022. Mwaka mmoja baadaye ripoti ya Louise Casey kuhusu jeshi hilo ikasema wazi kwamba ubaguzi wa rangi na chuki dhidi ya wanawake vimeota mizizi ndani ya taasisi yenyewe.

Ndipo upande wa pili wa imani hii ukajitokeza: wapo waliosema mwanamke amejaribiwa, ameshindwa. Kwa miaka 188 wanaume watupu waliliongoza jeshi hilo, kashfa baada ya kashfa, na nafasi ya Dick akapewa mwanamume, Mark Rowley. Hakuna aliyeuliza kama wanaume wanaiweza kazi hiyo.