UCHAMBUZI: Viza ya kusomea Kijerumani isiwe mtego kwa vijana wetu

TANGU Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin mnamo Septemba 13, 2024, Kijerumani kimekuwa lugha ya matumaini kwa vijana wengi nchini. Matangazo ya madarasa yake yamejaa mijini, na wazazi ambao jana hawakuwa na habari nayo leo wanajua tofauti ya kiwango cha A1 na cha B2.

Makubaliano hayo yalishuhudiwa na Rais William Ruto na Kansela wa wakati huo, Olaf Scholz. Punde si punde zikaenea habari kwamba nafasi 250,000 za kazi zilikuwa zikiwasubiri Wakenya. Wizara ya Usalama wa Ndani ya Ujerumani ililazimika kukanusha, ikieleza kwamba mkataba huo haukutaja idadi yoyote na kwamba kila mwombaji angetakiwa kutimiza masharti ya sheria za nchi hiyo.

Kanusho hilo halikupata masikio kama zilivyopata ahadi. Ndiyo maana zipo familia ambazo, kwa kuona kwamba lugha ndiyo kizingiti, zimeamua kumpeleka kijana akaisomee huko huko kwa wenyewe. Hesabu yao ni nyepesi: aende kwa viza ya lugha, asome mwaka mmoja, kisha kazi itajipa yenyewe.

Laiti mambo yangekuwa mepesi kiasi hicho.

Sheria ya Ujerumani kweli inaruhusu mgeni kupewa viza ya kusoma lugha pekee. Lakini masomo hayo sharti yawe ya kina, yaani yasiyopungua saa 18 kwa wiki, na kwa kawaida hayapaswi kuzidi mwaka mmoja. Darasa la jioni au la mwishoni mwa juma halihesabiwi.

Kisha kuna suala la fedha. Mwombaji hutakiwa kuthibitisha kwamba ataweza kujikimu, na njia iliyozoeleka ni kuweka fedha katika akaunti maalumu ya benki ambayo mwenyewe huruhusiwa kutoa kiasi fulani tu kila mwezi. Kiwango kilichotumika mwaka 2025 kwa wanafunzi wa lugha kilikuwa Yuro 1,091 kwa mwezi. Kwa mwaka mzima hizo ni Yuro 13,092, au takriban Sh1.9 milioni, kabla ya karo, bima ya afya, nauli na ada ya viza ya Yuro 75.

Ni mzazi yupi wa kawaida aliye na kiasi hicho? Wengi watauza kipande cha ardhi, watachukua mkopo katika chama cha akiba au wataitisha harambee. Wengine hukopa fedha za kuonyesha tu, bila kutambua kwamba maafisa wa ubalozi huuliza pia zilikotoka.

Lakini hata mwenye fedha hukabiliwa na swali gumu zaidi: kwa nini usijifunze Kijerumani Nairobi? Afisa anayekagua maombi hataki kusikia tu kwamba kijana anaipenda lugha. Anataka kujua ataitumia wapi, inalingana vipi na masomo au kazi aliyofanya, na atafanya nini muda wake ukiisha. Barua ya maelezo iliyonakiliwa kutoka kwa wakala, inayofanana neno kwa neno na za wenzake kumi, haijibu swali hilo.

Ikumbukwe pia kwamba viza hiyo ni ya kusoma lugha, wala si ahadi ya ajira. Akimaliza kozi, kijana atahitaji kibali kingine chenye masharti yake. Na wale wanaoshauriwa waingie kwa viza ya utalii ya siku 90 kisha waibadilishe wakiwa huko wanapotoshwa, kwani kwa kawaida watatakiwa kurudi nyumbani na kuanza upya.

Kosa katika maombi sasa lina gharama kubwa kuliko zamani. Awali, aliyenyimwa viza aliweza kuuandikia ubalozi kuomba uamuzi uangaliwe upya, bila malipo. Utaratibu huo ulifutwa kote duniani kuanzia Julai 1, 2025. Aliyekataliwa amebaki na njia mbili: aombe upya na kulipa tena, au afungue kesi katika Mahakama ya Masuala ya Utawala mjini Berlin. Mkulima wa Bungoma au Makueni ataifikiaje mahakama hiyo?

Kwa hivyo, viza ya lugha ndiyo njia ghali zaidi kwa kijana ambaye lengo lake ni kazi. Ipo nyingine inayodai subira lakini isiyomfilisi mzazi. Kijana akifikia kiwango cha B1 akiwa nyumbani na akapata mwajiri wa kumpa mafunzo ya kazi, anaweza kuomba viza ya mafunzo hayo. Mwanagenzi hulipwa, na katika uuguzi kwenye hospitali za umma malipo hayo hupita Yuro 1,000 kwa mwezi. Malipo yakitosha kumkimu, hadaiwi akaunti ya mamilioni. Muuguzi aliyehitimu naye kwa kawaida huhitaji kiwango cha B2 ili aidhinishwe kufanya kazi yake kikamilifu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hapa ndipo lawama inapoigeukia serikali. Haitoshi kutia saini mikataba na kuwaachia vijana wajitafutie lugha sokoni. Madarasa bora na vituo vya mitihani inayotambuliwa vimerundikana katika miji mikubwa. Msichana wa Lodwar au Garissa atalipa kodi ya nyumba Nairobi kwa miezi mingi kabla hajalipia mtihani. Si ajabu basi kwamba wakala akimwambia ni afadhali asafiri moja kwa moja, anamwamini.

Wajerumani wenyewe wametuachia funzo, japo kwa nia isiyopendeza. Mwaka 1887 walifungua mjini Berlin chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa humo kwa waliokuwa wakijiandaa kutumikia dola lao ng'ambo. Walileta hata walimu wenyeji wa pwani yetu, akiwemo Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Walikuja kutawala, na hilo halisahauliki. Lakini walitambua kwamba anayetumwa ughaibuni afundishwe lugha kwanza kwao, kwa gharama ya aliyemtuma.

Ikiwa serikali yetu inajivunia kuwatuma vijana kazini ng'ambo, nayo ifanye hivyo. Kaunti zote zina vijana, na vyuo vya kiufundi vimesambaa nchini. Kijerumani kifundishwe humo na walimu waliohitimu, mitihani isogezwe karibu, na mawakala wasajiliwe na kuchunguzwa. Vilevile ubalozi ungewafaa wengi kwa kueleza masharti yake kwa Kiswahili chepesi.

Wazazi nao wasiuze shamba kabla ya kijana kukaa darasani hapa nyumbani walau miezi michache. Akishindwa na A1 akiwa Nakuru, hataiweza Berlin kwa sababu tu kuna baridi. Akifaulu, atakuwa na jibu la kumpa afisa wa ubalozi, na shamba litakuwa lingali mahali pake.