Waraka wa wazi kwa ofisi ya vijana, michezo na utamaduni, Gitega: Tupeni mtu kabla ya jumba

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Kobero, pale barabara ya Dar es Salaam inapoingia Burundi. Ombi langu ni fupi, na nalitanguliza ili usilitafute chini ya salamu: kabla hamjatujengea jumba la vijana, tuajirieni mtu wa kukaa na vijana. Mmoja atatosha kuanzia. Awe na mshahara unaofika kila mwezi, ufunguo wa stoo, mpira wenye upepo, na ruhusa ya kuamua mambo madogo bila kuandika barua.

Kazi hiyo naifahamu kwa mikono. Nimeifanya kwa vipindi, chini ya miradi iliyokuja na kuondoka. Kwenye karatasi zenu inaitwa msaidizi wa shughuli. Huku watoto wanakuita animateri, na ukikosekana siku mbili wanakuja kukuulizia nyumbani.

Nianze na vijana wenyewe, maana kwa kutazama ramani kutoka Gitega mtu anaweza kudhani Kobero ni geti na bendera. Hapa pana kituo cha pamoja cha mpakani, Kabanga kwa Tanzania na Kobero kwetu, na sehemu kubwa ya bidhaa zinazotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Bujumbura hupita mbele ya macho yetu. Lori likikosa karatasi moja, dereva na utingo wake wanalala. Penye wanaolala pana wanaouza: mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi, vocha. Pana wanaobadili faranga na shilingi, wanaobeba mizigo mgongoni au kwenye baiskeli, na wanaobeba vile ambavyo mimi na wewe hatutaviandika katika waraka wa wazi. Wengi wao ni wa umri wa shule. Wengine wamefukuzwa na umaskini, na wengine wanasoma kweli, ila wanasoma nusu siku. Tangu serikali ilipofuta ada za shule ya msingi mwaka 2005 madarasa yalijaa, na shule nyingi zikagawa watoto mafungu mawili, la asubuhi na la mchana. Kwa hiyo kila siku ya shule nusu ya watoto wako huru, na geti liko wazi.

Hiyo nusu siku ndiyo kazi ya animateri. Anashindana na geti, na geti linalipa taslimu.

Ratiba zinazotushukia kutoka mjini haziijui nusu siku hii. Zinakuja zimechorwa visanduku: Jumatano saa 9 mazungumzo ya amani, Ijumaa saa 9 michezo. Nani yuko huru saa 9? Mvulana wa fungu la asubuhi, basi. Dada yake wa fungu hilohilo anakwenda kuchota maji, na akirudi anawasha moto wa maharage, nayo hayaivi upesi. Nafasi yake yeye iko kati ya kuosha vyombo vya mchana na safari ya maji, kisaa kimoja, na kinahama kulingana na masika na kiangazi. Wakati wa ici, kiangazi chetu, mito midogo ikipungua, safari ya maji inarefuka na kisaa kile kinatoweka. Mkurugenzi wa programu aliye ofisini hana njia ya kulijua hili, na simlaumu. Anayelijua ni yule anayemwona msichana anapita na dumu. Ratiba nyingi zinazoitwa za vijana, Mheshimiwa, ni ratiba za wavulana.

Halafu kuna saa yenyewe. Burundi iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ukiwaalika vijana wa Kabanga kwa mechi ya saa 9 bila kutaja saa ya nani, wao watafika wakati saa yetu inasoma saa 8, watakaa juani, watakasirika, na mechi itaanza na ugomvi uliokwisha kuiva. Animateri wa Kobero hutaja saa mbili kila anapotangaza jambo, na hupeleka ujumbe kwa mtu wa ng'ambo anayemfahamu kwa jina. Jambo dogo kama hilo halimo katika mwongozo wowote wa mradi niliowahi kupewa, na likisahauliwa linaharibu alasiri nzima.

Hesabu ya lugha nayo ina mambo yake. Wahangaza wa Ngara na sisi tunaelewana bila mkalimani, wao kwa Kihangaza na sisi kwa Kirundi. Kiswahili ni cha sokoni na cha madereva, na ni cha nyumbani kwa familia nyingi za Waislamu wa Muyinga. Tena wapo waliorudi. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 2015 waliishi katika kambi za Nduta, Mtendeli na Nyarugusu. Mpango wa kuwarejesha kwa hiari ulianza mwaka 2017, na Mtendeli ikafungwa mwaka 2021. Watoto waliozaliwa au kukulia kule wamekuja na Kirundi cha mama na Kiswahili cha uwanjani. Mtoto wa namna hiyo akiletwa kwenye kikao kinachoendeshwa kwa Kifaransa cha karatasi, anakaa nyuma kabisa. Mpe mpira, au mpe kazi ya kuhesabu kete, utamsikia anatoa amri kwa lugha mbili.

Nimetaja kete kwa makusudi. Mchezo unaonisaidia zaidi ya mingine hapa mpakani ni bao, na gharama yake ni ubao na mbegu. Ikibuguzo chetu na bao la Waswahili vina mashimo 32 na kete 64, mistari minne ya mashimo manane. Ila sheria hazifanani. Kwetu kete zote zinaanza zikiwa ubaoni. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji anaanza na 10 ubaoni na 22 mkononi, ananamua moja moja, na ana nyumba ya kulinda. Ukimweka dereva wa Tanga na mzee wa kolini mbele ya ubao mmoja, ni lazima wakubaliane kwanza wanacheza sheria za nani, na makubaliano hayo huchukua muda mrefu kuliko mchezo. Vijana wanasimama kuwazunguka wanasikiliza watu wazima wawili wa nchi mbili wakibishana kwa adabu. Nimeona semina za utatuzi wa migogoro zenye projekta ambazo hazikufika hapo. (Ndiyo, pesa ndogo huwekwa wakati mwingine. Animateri anajua wakati wa kufumba macho na wakati wa kukunja ubao.)

Na ngoma? Wageni wote huuliza ngoma, na wana haki. Gishora, nyumbani kwa ngoma, iko karibu na ofisi yenu, kilomita chache tu nje ya Gitega, na mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu wote. Mtoto wa Kobero naye anataka kusimama mbele ya ngoma ya inkiranya, katikati ya nusu duara, wenzake wa ngoma za amashakwe wakimshikia mdundo. Lakini amri ya Rais ya Oktoba 2017 inataka vikundi viandikishwe, inataka kibali kwa maonyesho yaliyo nje ya sherehe rasmi, na hairuhusu wanawake kupiga. Siandiki kuibishia amri katika waraka huu. Naeleza inavyoonekana kutoka uwanjani. Nusu ya kundi langu ni wasichana. Nikileta ngoma, nimewapa kazi ya kutazama na kucheza pembeni, basi ni lazima siku hiyohiyo niwe na kitu kingine ambacho wao ndio katikati yake: igizo, kwaya, mpira wa wavu. Na kibali kinachoombwa mbali hakiji kwa kasi ya likizo ya watoto. Ninachowaomba hapa ni kidogo: kikundi cha watoto kinachojifunza, kisicholipisha mtu, kipate jibu karibu, kwa musitanteri, msimamizi wa komini, na lije kabla shule hazijafunguliwa.

Sasa nije kwenye fedha, ambapo najua utaniuliza zitatoka wapi.

Zipo, ila zinakwenda kwenye siku. Siku ya vijana, siku ya mtoto, siku ya amani, siku ya kufunga mradi. Siku ina turubai, spika za kukodi, viti vya plastiki, fanta, fulana na posho ya usafiri wa wageni. Inapendeza, mimi mwenyewe nimevaa fulana hizo mpaka maandishi yakafutika, zimeishi kuliko miradi iliyozitoa. Kesho yake uwanja ni mtupu, na mpira uliotumika kwenye mechi ya heshima umeondoka na gari la wageni. Kwa fedha za siku moja ya namna hiyo animateri anaendesha shughuli kwa miezi. Lakini miezi haipigwi picha. Hata karatasi ya mahudhurio inapima siku: majina, sahihi, simu, jumla chini. Nikijaza watu wengi mara moja, nimefaulu. Nikiwa na vijana wachache wanaorudi kila juma, na miongoni mwao yumo aliyekuwa akishinda getini, karatasi haina mahali pa kuliandika hilo. Ongezeni safu moja tu: nani amerudi?

Nchi hii ina mfano wake mwenyewe wa kazi hii, na hatuna haja ya kuuagiza kwa meli. Mwaka 1991 wamisionari wa Xaveri walifungua Centre Jeunes Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa, vita vikafuata, na mitaa ile ya kaskazini ikakatwa vipande kikabila. Kijana wa Kamenge hakuthubutu kupita Ngagara, na wa Ngagara hakuthubutu kupita Kamenge. Ndani ya kituo walikutana: viwanja, maktaba, madarasa ya lugha, muziki, na kambi za kazi za likizo ambako vijana waliofundishwa kuogopana walifyatua matofali pamoja. Mwaka 2002 kituo kikapewa tuzo ya Right Livelihood, ile inayotolewa Sweden na ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Majengo kilikuwa nayo, tena mazuri. Lakini ukitazama kazi yenyewe, matofali na mashindano na masomo, unaona kuwa kila kimoja kilihitaji mtu wa kukianzisha tena kesho yake, vita au hakuna vita. Kobero haina vita leo, namshukuru Mungu, na hilo linafanya kazi iwe rahisi na fedha ziwe ngumu kupatikana, kwa sababu hakuna anayetoa tuzo kwa ugomvi ambao haukutokea.

Ng'ambo ya pili majirani zetu wa Ngara wana Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, wilaya ilipokuwa imejaa Wanyarwanda na Warundi waliokimbia. Wakimbizi wengi waliondoka, redio ikabaki, nasi tunaisikiliza. Mkurugenzi wa vipindi wa redio yoyote anajua kitu ambacho sisi wa miradi hatujakikubali: kipindi kikihamishwa saa bila taarifa, msikilizaji amekwenda. Kijana ni vivyo hivyo. Akikuta mlango umefungwa mara mbili, mara ya tatu hatapita hata karibu.

Kwa hiyo mtu tunayemwomba, mwajirini hapahapa au jirani, mtu ambaye mama mzazi anaweza kumsema sokoni. Ajue Kirundi na Kiswahili. Kifaransa cha kuandikia ripoti kitafundishika. Akiwa mwanamke itakuwa bora zaidi, kwa sababu ya kile kisaa cha wasichana nilichokitaja. Mpeni fedha kidogo za kila juma na daftari la matumizi, na karani wa komini alikague wakati wowote. Msimpangie saa. Mkurugenzi wa programu aliyeko kwenu aseme lengo la mwaka na kutetea bajeti, kazi ambayo sisi hatuiwezi. Saa, mahali na mchezo aviachie uwanja. Mwaka 2020 serikali iliweka mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, vijana, michezo na utamaduni chini ya wizara moja. Mtu aliyepanga hivyo, hata kama hakuwahi kufika Kobero, alikuwa anaielezea Kobero.

Na sasa Muyinga imeingia katika mkoa mpya wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi, komini za nchi nzima zimepunguzwa hadi 42, na ofisi zinapangiana upya meza na watumishi. Ni wakati mzuri wa kuingiza nafasi moja katika orodha kabla orodha haijakauka wino. Jumba likija baadaye tutalipokea kwa shangwe na tutalifagia. Kwa sasa upo uwanja wa kuazima, ng'ombe wakitoka, na upo mti mkubwa wenye kivuli cha kuwatosha watu thelathini waliobanana.

Kama mtakubali, mtu huyo aanze likizo kubwa, Julai, shule zikifungwa. Akianza Septemba atakuwa amechelewa: watoto wa fungu la asubuhi watakuwa wameshapata wateja wao wa mayai, na kumtoa mtoto kwa mteja wake wa kila siku ni kazi ya mwaka mzima.

Wenu katika kazi,

Animateri mmoja,
Kobero, Muyinga